Bi Tuhfa binti Massoud, Aliyekaa na Watu Katika Pumzi Zao za Mwisho

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyemleta kwetu na jana akamchukua. Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Mabawa leo Ijumaa, tarehe 14 Novemba 2025, assalamu alaykum. Majirani zetu Wakristo nanyi tunawasalimu kwa heshima. Huu ni wasifu wa mama yetu, bibi yetu na jirani yetu, Bi Tuhfa binti Massoud Himyar. Umeandikwa na wanawake walioko ndani, na mjukuu wake Abass anausoma hapa nje kabla ya jeneza kuinuliwa kwenda msikitini. Baadhi yenu mmesimama mbali na mlango. Familia inajua sababu, wala haina kinyongo. Sikilizeni kutoka hapo hapo mlipo.

Bi Tuhfa alizaliwa Mtambwe, kisiwani Pemba, mwezi wa Septemba mwaka 1937, ikiwa Rajabu. Walizaliwa mapacha, lakini mwenzake hakulia. Mama yao naye hakuwahi kutoka nje. Alifariki kabla ya arobaini ya uzazi. Msimu wa karafuu uliofuata, baba yake, Mzee Massoud Himyar, alianguka kutoka juu ya mkarafuu na hakufika jioni. Ndipo watu wakaanza kumtazama yule mtoto kwa pembe ya jicho. Mkunga aliyemzalisha alisema mbele ya wanawake, "Huyu hakuja peke yake. Mwangalieni." Hakufafanua, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Maneno yale yakabaki, yakakua pamoja na mtoto.

Alilelewa na bibi yake mzaa mama, Bi Shariffa, mwanamke mcha Mungu aliyekuwa akiitwa kuwalakinia wagonjwa wa kike, yaani kukaa kitandani mwa mtu anayekata roho na kumtajia shahada sikioni ili iwe ndiyo neno lake la mwisho. Wapo walioambizana kwamba bibi na mjukuu wamepatana. Bi Tuhfa alipopata akili ya kutumwa, bibi yake akaanza kwenda naye. Siku ya kwanza walisimama mlangoni mwa nyumba moja, ndani mtu anakoroma ile koroma isiyo ya usingizi.

"Bibi, wewe huogopi?" akauliza mtoto.

"Naogopa mno. Unadhani nimekuchukua kwa nini?"

Bi Tuhfa alikuwa akiisimulia hadithi hiyo mpaka uzeeni na kucheka peke yake. Lakini kazi aliifundishwa sawasawa. Kwanza unalowesha pamba, unamdondoshea mgonjwa maji midomoni kidogo kidogo, kwa sababu kiu ya saa ile ni kubwa. Kisha unainama sikioni, unaitamka kalima kwa sauti ya chini, mara moja tu, unangoja. "Akishaisema, wewe funga mdomo," bibi yake alimwambia. "Usimrudishie rudishie kama mtoto wa chuo. Akizungumza neno jingine, hapo ndipo unaanza upya, taratibu. Asipozungumza, mwache aondoke nayo."

Elimu yake ilikuwa ya chuo cha Kurani. Alihitimu msahafu Mtambwe, akajua kusoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Herufi hizi nyingine, za kizungu, alizipata hapa Tanga miaka ya sabini, katika madarasa ya watu wazima. Mwalimu alipowaambia kila mmoja aandike sentensi yake mwenyewe, wenzake waliandika majina ya waume zao. Yeye aliandika: Mgonjwa wangu hajambo.

Mwaka 1955 aliolewa na Mzee Amour Kombo, Mpemba mwenzake aliyekuwa akioka mikate ya boflo Ngamiani. Nyumba hii ya Mabawa waliijenga mwaka 1962, na ni ya kwanza unapoingia kichochoroni kutoka barabarani. Ndoa yao ilikuwa ya masikilizano na utani mwingi. Kila alfajiri, mikate ikitoka tanurini, Bi Tuhfa alikuwa ameshatia kadhaa kwenye kikapu kabla wateja hawajafika, apeleke kwa wagonjwa. Mzee Amour alikuwa akisimama na unga hadi kwenye kope na kulalama, "Mke wangu, n'ambie ukweli, hili ni tanuri au zahanati?" Naye humjibu, "Vyote viwili, mume wangu. Tia kuni." Mungu aliwajaalia watoto watano. Wawili walikufa wachanga. Himyar alikufa mtu mzima, mwaka 1994, kwa homa iliyomchukua ghafla. Mzee Amour alikuwa ametangulia mwaka 1989. Wote hao Bi Tuhfa aliwalowesha midomo kwa mkono wake.

Hapa ndipo panapotakiwa kuelezwa vizuri, maana ndipo palipoharibika.

Miaka hiyo ya mwanzo, Bi Tuhfa hakuwa mtu wa kuitwa. Alijiendea. Akisikia fulani kalala na homa, asubuhi yupo kwake na uji wa pilipili manga, anamfulia kanga, anamwogesha mtoto. Alikaa na mtu tangu siku ya kwanza ya ugonjwa. Wengi wakapona, wakasahau, ndivyo mtu aliyepona alivyo. Waliokufa, walikufa wakiwa wamezoea sauti yake. Hakubagua. Mama Imakulata, Mbondei wa Muheza, mkaanga samaki wetu, alipouguliwa na mama yake mzazi hapa mtaani, Bi Tuhfa alikaa kitandani pale siku zote za ugonjwa. Saa ilipowadia alimshika Imakulata mkono akamwambia, "Sasa msomee sala zenu, mwanangu. Mimi nitashika pamba." Tangu hapo wakawa mtu na mtu wake.

Lakini watu huona mlango unaoingiwa, na husikia kilio kinachotoka. Pole pole pakazuka maneno kwamba Bi Tuhfa akiingia, mtu hatoki mzima. Wenye wagonjwa wakaanza kuwaficha. Wakamwambia mgonjwa yu safarini, au kalala, au hataki wageni. Halafu pumzi ikifika kooni, hofu ya mgonjwa kufa bila shahada ikashinda hofu nyingine, ndipo mtu anatumwa mbio kumwita. Basi ikawa kweli. Kila nyumba aliyoingia, ulitoka nyuma yake msiba. Wale wa uji wa asubuhi hawakuwepo tena kwenye hesabu, maana hakuruhusiwa kuwafikia. Majirani wenyewe ndio waliozikata ziara za uzima, wakamwachia za kifo tu, kisha wakamshangaa.

Na yeye umri unakwenda. Wenziwe wa rika wakaisha mmoja mmoja. Alipopita themanini, bado mgongo umenyooka na anatembea kwa miguu mpaka sokoni, watu waliacha kumwombea maisha marefu. Watoto waliokuwa wakimkimbilia na shikamoo wakawa wanakimbia upande wa pili.

Masika ya mwaka 2022 vilitokea vifo vitatu katika kichochoro hiki kimoja. Cha tatu kilikuwa cha Muhanad, fundi seremala, kijana mwenye nguvu zake. Mkewe ni Suhaila, anayekaa nyumba ya mwisho kule kwenye ukuta. Suhaila mwenyewe ameomba yote haya yasemwe leo, na yasemwe kwa jina lake. Alimwita Bi Tuhfa wakati mumewe hajui tena aliko, na Bi Tuhfa alifanya alichofundishwa. Eda ilipokwisha, Suhaila alitoka akasimama hapa nje mchana kweupe, watu wote wanasikia.

"Bibi! Nakuuliza! Umri wako umeutoa wapi? Pacha wako umemzika, watoto umewazika, mume umemzika, na wangu umenizikia. Hiyo miaka unayoila ni ya nani?"

Bi Tuhfa alikuwa akichambua mchele barazani. Aliyejibu ni Mama Imakulata, na kijiko cha kukaangia samaki kikiwa mkononi. "Suhaila, kama bibi huyu anakula watu, mimi angenianza zamani. Nitazame nilivyo, nina nyama ya kutosha mtaa mzima!" Wapo waliocheka. Suhaila hakucheka, na vijana wa maskani hawakucheka.

Baada ya hapo mambo yalibadilika rangi. Asubuhi moja palikutwa yai bichi limefungwa kitambaa chekundu kizingitini. Siku nyingine mlango ulichorwa alama za mkaa. Ikawa ikiadhiniwa magharibi, mawe yanalia juu ya bati, moja, kisha kimya, kisha jingine. Bi Tuhfa alifagia, alifuta, aliswali. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Tahiri, alikuja kwa adabu zake akakaa ukingoni mwa kiti. "Shikamoo, bibi. Mimi sisemi lolote. Nasema tu, mwanao Tabia ana nyumba Usagara. Ungepumzika huko kidogo, upepo upoe."

"Marahaba, mwanangu. Nikiondoka, wa kwanza kuugua hapa atakaa na nani?"

Mzee Tahiri alitazama chini. "Bibi, hilo ndilo wanaloliogopa, ukae naye."

Hakuondoka. Lakini wale waliokuwa karibu naye wanajua kwamba swali la Suhaila lilimwingia. Alikuwa akimaliza swala anabaki kwenye msala muda mrefu, kisha anamuuliza Imakulata, "Hivi kweli, mama, nimeutoa wapi?" Aliamini umri ni amana, lakini amana ya siku nyingi hivyo, huku wachanga wake wako ardhini, ilimtisha na yeye.

Mwezi wa Mei 2023, mvua zikiwa zimeshika, mtoto wa Suhaila aliugua. Anaitwa Rawan, na hata shule alikuwa hajaanza. Suhaila alifunga mlango na dirisha asijue mtu. Mama Imakulata alipita kuuza samaki, akasikia kitanda kinagonga ukuta. Alichungulia upenyoni akaona mtoto ametoa macho, mwili unamrukaruka kwa homa ya degedege.

"Suhaila, mpeleke hospitali! Bajaji iko barabarani pale!"

Sauti ikatoka ndani, "Nitapita wapi?"

Mnakijua kichochoro hiki. Kule mwisho ni ukuta. Njia ya kutoka ni moja, na inapita mbele ya mlango wa Bi Tuhfa, karibu kiasi cha kupeana mkono. Suhaila alikuwa amekaa na mtoto tangu usiku uliopita, maji ya kumkanda yameisha, kwa sababu hakuthubutu kumpitisha mahututi mbele ya macho ya bibi yule. Imakulata alimsihi kupitia dirishani, akamtukana, akamsihi tena. Kisha akaja mbio hapa kwa Bi Tuhfa, amelowa chapachapa.

Bi Tuhfa alisimama. Miguu yake ilikuwa inajua pa kwenda. Maisha yake yote, akisikia mgonjwa, ilikuwa inamwelekea. Hata kanga alishajifunga. Alifika kizingitini, akatazama kule mwisho, mlango uliofungwa, akasimama pale mvua inamrushia usoni. Kisha akarudi ndani akavaa buibui.

"Imakulata, kamwambie naondoka. Mwambie achungulie anione kwa macho yake."

"Unakwenda wapi wewe, na mvua hii?"

"Usagara. Kwa Tabia. Mwambie sirudi."

"Bi Tuhfa! Ukiondoka leo watasema umekiri!"

"Na wanasema. Mtoto yule hana muda wa kungoja tusafishane majina. Haya, nenda."

Akatoka katikati ya njia, asijibanze ukutani, ili aonekane vizuri. Vijana wa maskani walipiga mbinja. Mmoja alipaza sauti, "Kaondoka! Kaondoka mwenyewe!" Alipopanda bajaji hakugeuka nyuma, maana aliogopa kwamba hata kutazama kwake kungemzuia mama yule. Haikupita muda Suhaila alitoka mbio, mtoto begani, kichwa wazi, hadi barabarani.

Rawan alipona. Madaktari walisema alifikishwa kwa tabu lakini alifikishwa. Na mtaa mzima ukaona ushahidi wake: bibi kaondoka, mtoto kapona. Mlango huu ukapigwa misumari. Kwa zaidi ya miaka miwili Bi Tuhfa aliishi Usagara na jina hilo la mla watu, na hakumruhusu Tabia wala Abass kuja kumtetea. "Mkienda kugombana," alisema, "kesho mwingine atakosa pa kupita."

Huku nyuma watu waliendelea kuugua na kufa, kwani kifo hakikuwa na makazi katika nyumba hii. Mzee Sele, fundi cherehani, alikata roho chumbani peke yake, jamaa zake wamekaa barazani, kila mmoja anamtazama mwenzake nani aingie. Walikuwa wamezoea kuwapo mtu wa kuingia, na sasa kila mmoja anaogopa kuwa ndiye yeye. Suhaila alikuwa miongoni mwa walioketi pale. Aliyasikia yale makoromo ukutani hadi yakakatika. Siku ya pili alimwambia Mama Imakulata bombani, kwa sauti ndogo, "Lakini yeye si alikimbia?" Imakulata akaweka ndoo chini. "Alikimbia? Mwenzangu, alikupisha."

Mwezi wa Septemba mwaka huu Bi Tuhfa alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Hospitali walisema moyo umechoka, wakampa dawa na kumrudisha nyumbani. Wiki hiyo hiyo Suhaila alikwenda Usagara na Rawan. Alifika mlangoni akashindwa kuvuka.

"Ingia, mwanangu," Bi Tuhfa alimwita kutoka kitandani. "Miguu ndiyo hii. Siwezi kukufuata wala kukukimbia."

Suhaila alilia, akaomba radhi, akasamehewa kabla hajamaliza. Kisha Bi Tuhfa akamwambia, "Uliniuliza swali zuri, na nimelifikiria sana. Umri nimeutoa wapi. Sijui. Ninalolijua ni kwamba kila nilipoamka palikuwa na mtu wa kumtazama, basi nikaamka. Na kila nilipochoka palikuwa na Mungu wa kumwambia, basi nikalala. Zikaenda hivyo siku, mpaka zikawa hizi. Za mtu mwingine sikuzigusa."

Aliomba arudishwe kufia Mabawa. "Nikifia huku," alisema, "watasema nyumba ile ina kitu, na nyumba haina kosa." Misumari ikang'olewa. Aliporudi, milango ya kichochoro ilifungwa yote isipokuwa miwili, wa Suhaila na wa Imakulata. Suhaila ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani, akimwosha, na kwa wiki zile chache mgonjwa akamfundisha mwuguzi wake namna ya kukaa na mtu.

"Sema taratibu. Unanikimbiza kama nina treni ya kuwahi."

"Samahani, bibi."

"Na usilie sikioni, unanilowesha. Lia kule jikoni."

Siku moja Suhaila akauliza, "Bibi, nikiifanya kazi hii, na mimi nitaogopwa?"

"Utaogopwa."

Alingoja aongezewe neno la kumtuliza. Halikuja.

"Sasa nifanyeje?"

"Vivyo hivyo. Utakwenda na woga wako."

Bi Tuhfa alifariki jana Alhamisi, tarehe 13 Novemba 2025, baada ya swala ya adhuhuri, katika chumba chake, akiwa na umri wa miaka themanini na minane. Suhaila alilowesha pamba, akainama, akatamka mara moja, akangoja. Bi Tuhfa akaitamka. Sote tukanyamaza. Kisha akafungua macho akauliza, "Imakulata kala?" Ikabidi kuanza upya. Mama Imakulata akajibu haraka, "Nimekula, nimeshiba," ingawa hakuwa ametia kitu kinywani tangu asubuhi. Suhaila akainama mara ya pili, taratibu. Bi Tuhfa akaitamka tena, na safari hii Suhaila alitutazama wote, kidole mdomoni, mpaka mwisho.

Alipotoka kuchota maji ya kumkoshea marehemu, mwanamke mmoja wa hapa alimvuta mwanawe ndani na kusukuma komeo. Suhaila alisimama kidogo na ndoo yake. Kisha akaendelea kwenda bombani.

Marehemu ameacha watoto wawili, Tabia wa Usagara na Massoud aliyeko Wete, ambaye boti ya asubuhi haikumuwahisha, wajukuu saba akiwemo Abass, vitukuu, rafiki yake Imakulata, na Suhaila, ambaye marehemu mwenyewe aliagiza ahesabiwe pamoja na wanawe. Anayehisi alimkosea marehemu ajue kwamba hakuacha jina la mtu yeyote kinywani mwake. Anayehisi alikosewa naye, familia inaomba msamaha kwa niaba yake.

Tuna ombi moja kwenu mliosimama karibu na mliosimama mbali. Mtu akiugua kichochoroni hapa, mwiteni Suhaila siku ya kwanza. Msimngojeshe mpaka pumzi iwe kooni, kisha mseme yeye ndiye aliyekuja nayo.

Ewe Mola, mpokee mja wako Tuhfa kwa upole aliowapokelea wengi, umpe mapumziko yasiyo na hofu. Na sisi tuliobaki na hofu zetu, tupe ujasiri wa kuingia kwa mgonjwa. Amin.